Mfuko Mmoja wa Saruji, Meza Tatu za Jikoni

Leo nataka tuzungumze juu ya meza. Si meza ya ofisini, wala meza ya sebuleni. Ni meza ya jikoni. Imetengenezwa kwa zege, kisha ikasuguliwa mpaka ikawa laini kama jiwe la mtoni.

Mimi ni fundi mwashi. Kijiji chetu kipo karibu na Ziwa Viktoria. Karakana yangu ni kivuli cha mwembe nyuma ya nyumba. Vyombo vyangu ni koleo, karai, mwiko, ndoo, futi ya kupimia na mawe ya kusugulia. Sina mashine. Kwa hiyo kazi nitakayokueleza unaweza kuifanya na wewe. Na kama hutaifanya mwenyewe, utajua kumsimamia fundi utakayemlipa.

KWA NINI MEZA?

Tazama jiko lako. Unga unachekechwa wapi? Samaki wanasafishwa wapi? Vyombo vikishaoshwa vinawekwa wapi? Katika nyumba nyingi jibu ni moja tu: chini.

Mama huinama toka alfajiri mpaka usiku. Mgongo unamuuma. Kuku wanapita juu ya vyombo. Mtoto anayetambaa anafikia kisu, na anafikia sufuria ya maji ya moto. Vumbi la sakafu linaingia katika mboga. Halafu tunashangaa kwa nini watoto wanaharisha.

Meza ya mbao ni nzuri. Lakini huku kwetu mchwa hawana huruma. Tena mbao ikilowa kila siku inaoza. Zege haliliwi na mchwa, wala halilowi likaoza.

Lakini sikiliza vizuri. Zege lenye mikwaruzo na matundu halifai kwa jiko. Unga unaingia katika matundu. Damu na shombo ya samaki vinaingia. Ukipitisha kitambaa, uchafu unabaki ndani, na inzi wanaujua. Ndiyo maana tunalisugua zege. Kusugua si urembo peke yake. Kusugua ni afya.

SARUJI NI NINI?

Saruji ni mawe ya chokaa na udongo. Vitu hivyo husagwa, kisha huchomwa katika tanuri kali sana. Joto lake hufika kiasi cha nyuzi 1,450 za Selsiasi. Kinachotoka husagwa tena, hutiwa jasi kidogo, kikawa unga wa kijivu. Mwaka 1824, mwashi mmoja wa Uingereza, jina lake Joseph Aspdin, alipata hati ya serikali kwa saruji aliyoiita Portland. Jina hilo bado tunaliona kwenye mifuko mpaka leo.

Hapa Tanzania, kiwanda cha Wazo Hill, Dar es Salaam, kilianza kutoa saruji mwaka 1966. Kutoka Dar es Salaam mpaka Mwanza kwa barabara ni zaidi ya kilometa 1,000. Mfuko uliosafiri hivyo si kitu cha kuchezea.

Mwaka 1977 Mwalimu Nyerere aliandika kitabu juu ya miaka kumi ya Azimio la Arusha. Humo aliwalaumu watu wanaokataa kujenga kwa matofali ya kuchoma, huku wakingoja saruji na bati. Udongo mzuri upo pale pale walipo. Mimi nakubaliana naye. Kuta za jiko jenga kwa matofali yako. Miguu ya meza ijenge kwa matofali yako. Saruji iweke pale ambapo hakuna kitu kingine kinachoweza kufanya kazi yake. Uso wa meza ni mahali pa namna hiyo.

MEZA ILIYOVUNJIKA

Sasa nikuambie jambo lililotokea kijijini kwetu.

Jirani yangu mmoja ni mama mjane. Msimu mmoja aliuza pamba yake, akanunua mfuko mmoja wa saruji na nondo. Akamwita fundi kutoka mbali amtengenezee meza ya jikoni. Fundi yule alimwaga zege la urefu wa mita 2 na unene wa sentimita 10. Mfuko mzima ulikwisha siku hiyo. Alisema unene ndio nguvu. Alichanganya zege jepesi kama uji, kwa sababu zege la uji halichoshi mkono. Aliliacha juani likauke upesi. Siku ya pili alisaidiwa na vijana kulipandisha juu ya matofali. Akachukua fedha yake, akaenda.

Siku ya nne mama aliweka juu ya meza ndoo mbili za maji. Meza ilikatika katikati. Kipande kimoja kilimwangukia mguuni, kikamvunja kidole. Alikaa majuma mengi bila kwenda shamba.

Nilipokwenda kumpa pole nilikitazama kipande kile. Nikachukua msumari nikakwaruza. Ulitoka unga, kama unakwaruza kichuguu. Nikatazama nondo. Zilikuwa zimelala juu, karibu na uso. Upande wa chini hapakuwa na nondo hata moja.

Watu walianza kusema, "Saruji si kitu cha watu maskini." Maneno hayo yaliniuma. Saruji haikuwa na kosa. Mama hakuwa na kosa. Kilichokosekana ni ujuzi, na ujuzi wenyewe si mgumu.

Nikamwambia, "Mama, mfuko mmoja unatosha meza tatu. Tafuta wenzako wawili, mchange fedha. Mimi nitawaonyesha, ninyi mtafanya kazi."

Aliwapata wenzake. Ndivyo tulivyoanza.

HESABU KWANZA

Chukua kalamu na karatasi. Usione haya kuandika mbele ya watu. Fundi asiyeandika hupoteza mali ya mwenzake.

Meza yetu ina urefu wa sentimita 120, upana wa sentimita 60 na unene wa sentimita 5. Zidisha: 120 mara 60 mara 5. Utapata 36,000. Sentimita za ujazo 1,000 ni lita 1. Kwa hiyo unahitaji lita 36 za zege.

Mfuko wa kilo 50 una ujazo wa lita kama 35. Yaani ndoo tatu na nusu za lita 10. Kwa meza moja tumia:

Saruji, ndoo 1 ya lita 10.
Mchanga, ndoo 2.
Kokoto, ndoo 3.

Ukijumlisha ni ndoo 6, yaani lita 60. Lakini ukichanganya na maji hutapata lita 60. Mchanga unaingia kati ya kokoto, na saruji inaingia kati ya mchanga. Utapata kama lita 40. Zinatosha meza moja, na zinabaki kidogo. Meza tatu zitakula ndoo tatu za saruji. Ile nusu ndoo iweke mahali pakavu. Tutaihitaji wakati wa kuziba matundu.

Usikadirie kwa koleo. Koleo moja limejaa, jingine halikujaa. Pima kwa ndoo, usawazishe juu kwa kijiti.

Nondo za milimita 8 zinatosha. Kwa meza moja kata vipande 3 vya sentimita 115, na vipande 5 vya sentimita 55. Nondo mbili za mita 12 zinatosha meza tatu, na kipande kinabaki.

MCHANGA NA KOKOTO

Mchanga uwe wa mtoni, usiwe na tope. Upime hivi. Tia mchanga katika chupa nyeupe mpaka nusu. Jaza maji, tikisa sana, kisha iache mpaka kesho. Mchanga utakaa chini na tope litakaa juu yake. Kama mchanga una kimo cha vidole vitano, na tope limezidi nusu ya kidole, mchanga huo uoshe kwanza. Ninyi mnaokaa pwani, msitumie mchanga wa baharini. Chumvi yake inaozesha nondo.

Kokoto ziwe ndogo, kama punje kubwa ya hindi. Kokoto kubwa hazifai kwa zege la sentimita 5. Huku kwetu Mwanza tuna mawe magumu kila mahali, na akina mama wengi huyaponda kwa nyundo. Mawe hayo ni mazuri sana. Ukiyasugua yanatoa madoa meusi, meupe na ya kijivu. Hakuna haja ya kununua rangi.

MPIME ANAYEPIKA

Kabla ya kujenga miguu ya meza, uliza: nani atatumia meza hii?

Wanaume wengi hujipima wao wenyewe. Meza inakuwa ndefu, na mama anakanda unga mabega yakiwa juu. Mwambie anayepika asimame wima, akunje kiwiko. Pima kutoka chini mpaka kwenye kiwiko. Punguza sentimita 10. Hicho ndicho kimo cha uso wa meza. Mama wawili wanaweza kuwa na vimo viwili mbalimbali, basi na meza zao zisilingane.

KALIBU NA NONDO

Sawazisha ardhi chini ya kivuli. Mwaga mchanga kidogo, ushindilie. Tandika nailoni juu yake bila mikunjo. Juu ya nailoni panga mbao nne za kimo cha sentimita 5, uzipigilie misumari. Hiyo ni kalibu. Paka mbao mafuta machafu ya injini, kidogo tu, ili zege lisizishike. Hakikisha pembe zimenyooka kwa kupima kutoka pembe moja mpaka pembe inayoielekea. Vipimo viwili vikilingana, kalibu imenyooka.

Funga nondo kwa waya. Zile ndefu ziwe chini, fupi juu yake. Weka vijiwe chini ya nondo ili ziinuke sentimita 2 kutoka kwenye nailoni.

Kwa nini nondo ziwe upande wa chini? Chukua muhogo mbichi, uweke juu ya mawe mawili, kisha ukandamize katikati. Utaona upande wa juu unabanwa, na upande wa chini unavutwa mpaka unapasuka. Meza nayo ni hivyo hivyo. Zege lina nguvu nyingi likibanwa, lakini likivutwa ni dhaifu. Chuma hakiogopi kuvutwa. Kwa hiyo chuma kikae pale panapovutwa, yaani chini. Ndiyo maana meza ya kwanza ya yule mama ilikatika, ingawa ilikuwa nene na ilikuwa na nondo.

Nondo zisiguse nailoni, wala zisitokeze nje. Nondo ikipata maji na hewa inapata kutu. Kutu inavimba, na zege linapasuka kutoka ndani.

KUCHANGANYA

Kwanza changanya saruji na mchanga vikiwa vikavu, mpaka rangi iwe moja. Tia kokoto, changanya tena. Sasa pima maji.

Kwa ndoo 1 ya saruji anza na lita 5. Changanya. Ongeza kidogo kidogo. Maji yote yasizidi lita 7. Kama mchanga umelowa, yatakuwa pungufu ya hapo. Zege zuri ni zito. Ukilishika mkononi linashikamana, halichuruziki.

Jihadhari na saruji mbichi. Inachoma ngozi polepole bila wewe kujua. Vaa glovu za mpira. Kama huna, funga mifuko ya nailoni mikononi. Usikanyage zege kwa miguu mitupu. Ikiingia jichoni, osha kwa maji safi mengi muda mrefu, kisha nenda zahanati upesi. Watoto wakae mbali.

Mimina zege katika kalibu. Lichomechome kwa kijiti kila mahali, hasa pembeni na chini ya nondo. Gonga mbao kwa nyundo kutoka nje. Utaona mapovu yanatoka. Kila povu linalotoka sasa ni tundu moja usilolisugua kesho. Pitisha ubao ulionyooka juu ya kalibu kuondoa zege lililozidi. Ngoja mpaka maji ya juu yapotee, kisha laini kwa mwiko.

Maliza kumimina kabla ya saa moja kupita tangu ulipotia maji. Zege likianza kushika, usiliongezee maji.

Mwisho, chukua msumari. Andika tarehe ya leo kwenye pembe ya zege, upande ambao utaelekea ukuta. Yule mama alikuwa amejifunza kuandika katika darasa la watu wazima. Aliandika mwenyewe siku, mwezi na mwaka. Akasema, "Sasa hakuna atakayenidanganya siku ngapi zimepita."

MAJI NI RAFIKI AU ADUI?

Kesho yake asubuhi alikuja na ndoo ya maji kichwani, kwa sababu nilimwambia ailete. Tukaondoa mbao za pembeni. Tukafunika zege kwa magunia, tukayalowesha chapachapa.

Aliniuliza, "Mwanangu, mbona sikuelewi? Jana ulinipimia maji kwa lita kama dawa. Ukanigombeza nilipotaka kuongeza kikombe kimoja. Leo unamwaga ndoo nzima. Maji ni rafiki au adui?"

Ndugu msomaji, hilo ndilo swali kubwa la kazi hii. Ukisahau mengine yote, kumbuka jibu lake.

Nilimjibu hivi: "Mama, zege haliwi gumu kwa kukauka. Linakuwa gumu kwa kunywa. Saruji na maji vinaungana, vinazaa kitu kipya kigumu kama jiwe. Kazi hiyo haiishi siku moja. Maji uliyotaka kuongeza jana yangekaa kati ya chembe za saruji na kuzitenganisha. Baadaye yangetoka yakaacha matundu mengi madogo, hata jicho lisiyaone. Zege la matundu ni dhaifu. Lakini leo chembe zimekwisha shikana. Maji ya leo hayawezi kuzitenganisha tena. Yanazuia zege lisikauke, ili saruji iendelee kunywa."

Alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Kumbe ni kama mtoto. Siku ya kuzaliwa humpi ugali. Lakini baadaye ukimnyima chakula hakui."

Sikuweza kusema vizuri kuliko hivyo.

Basi shika kanuni hii: maji machache wakati wa kuchanganya, maji mengi baada ya kushika. Lowesha magunia asubuhi, mchana na jioni kwa siku 7. Usiruhusu yakauke hata mara moja. Baada ya siku 7 zege zuri limepata kama theluthi mbili za nguvu zake. Siku 28 ndicho kipimo cha mafundi wote duniani. Jua kali la siku ya kwanza ni mwizi. Linaiba maji kabla saruji haijayanywa.

KUSUGUA

Siku ya nne unaweza kuanza kusugua. Zege limekuwa gumu, lakini bado halijawa gumu sana.

Tafuta jiwe gumu la kusugulia sakafu, lenye mikwaruzo. Linauzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Mwaga maji juu ya zege. Sugua kwa kuzungusha, bila kukaa mahali pamoja. Tope la kijivu litatoka. Lioshe, tazama, endelea. Kwanza utaona chembe za mchanga. Ukiendelea utaona kokoto zenyewe, zimekatwa kama vipande vya mawe mazuri. Acha pale unapopenda, ila pote pawe sawa.

Usisugue zege kavu hata kidogo. Hili si jambo la kupuuza. Vumbi la zege na la mawe yetu lina chembe ndogo sana ambazo macho hayazioni. Zikiingia mapafuni hazitoki. Zinatia makovu. Mtu anakosa pumzi miaka mingi baadaye, na ugonjwa huo hauna dawa ya kuuponya. Tena mapafu yenye vumbi hilo yanapata kifua kikuu kwa urahisi. Wenzetu wachimbaji wa migodini wanaujua ugonjwa huu. Maji yanalifunga vumbi kuwa tope, na tope haliruki. Ukiwa unaponda kokoto, zinyunyizie maji, ukae upande upepo unakotoka. Hapa tena maji ni rafiki.

Baada ya kusugua mara ya kwanza utaona matundu madogo. Chukua ile saruji tuliyoiweka. Chekecha, korogea maji kidogo iwe nzito kama uji wa mgonjwa. Paka juu ya meza yote, kandamiza kwa mwiko ili iingie kila tundu. Funika tena kwa magunia yaliyolowa kwa siku 3.

Siku ya nane sugua mara ya pili. Sasa tumia jiwe laini la kunolea visu. Malizia kwa msasa wa maji. Msasa una namba. Namba ndogo ina mkwaruzo mkubwa, namba kubwa ni laini. Anza na 120, fuata na 220, malizia na 400. Usiruke namba. Mikwaruzo ya 120 haiondoki kwa 400, utachoka bure. Zungushia pembe za mbele pia, zisiwe kali, maana mtoto hukimbia bila kutazama.

Kazi hii huchukua siku mbili kwa mikono miwili. Kwetu akina mama walisugua kwa zamu huku wakizungumza, na vijana wao walichota maji.

KUPANDISHA MEZA

Meza yetu ina uzito wa kilo 86 hivi. Usiipandishe kabla ya siku 14. Waite watu wanne wenye nguvu. Isimamisheni kwa ubavu, muibebe ikiwa imesimama, kama watu wanavyobeba kioo. Mkiibeba ikiwa imelala na kushika ncha mbili tu, mnaitesa.

Miguu ni kuta mbili za matofali ya kuchoma, zenye msingi. Udongo mzuri unatosha kuunganishia matofali. Pima kwa pimamaji. Kama huna, chukua mpira mwembamba unaoonyesha ndani, ujaze maji, weka ncha mbili kwenye kuta mbili. Maji hayasemi uongo, siku zote husimama sawa.

Ngoja siku 28 zitimie ndipo uweke mizigo mizito.

KUNG'ARISHA NA KUTUNZA

Zege likikauka vizuri baada ya siku hizo 28, lipake nta ya nyuki. Weka nta katika kopo, uchanganye na mafuta kidogo ya alizeti. Simamisha kopo hilo ndani ya sufuria yenye maji ya moto. Usiweke kopo juu ya moto wenyewe, maana nta inawaka. Ikiyeyuka, paka nyembamba kwa kitambaa. Ngoja kidogo, kisha sugua kwa kitambaa kikavu mpaka ing'ae. Maji yakimwagika yatakaa juu kama yanavyokaa juu ya jani la mgomba. Rudia kila baada ya miezi michache, unapoona maji yameanza kuingia.

Meza hii ina adui zake. Wa kwanza ni vitu vichungu na vichachu: ndimu, ukwaju, siki na maziwa ya mgando. Vinakula saruji na kuacha alama. Katia ndimu juu ya ubao, na ukimwaga futa upesi. Adui wa pili ni moto wa karibu. Usiwashe kuni juu ya meza, wala usiweke jiko la mkaa juu yake bila matofali chini. Zege likipata moto wa ghafula linaweza kupasuka na kuruka vipande. Sufuria la moto liwekee kigae au kata, maana nta itayeyuka.

MASWALI YA KUMWULIZA FUNDI

Labda huna nafasi ya kufanya kazi hii. Utamlipa fundi. Vizuri. Lakini usimwachie kila kitu kwa sababu yeye ni fundi. Fedha ni yako na mguu ni wako. Muulize: Saruji, mchanga na kokoto utapima kwa nini? Maji utatia lita ngapi? Nondo utaziweka upande gani? Nani atamwagilia, na kwa siku ngapi? Fundi mzuri hatakasirika. Atafurahi kupata mtu anayejua. Akikasirika, umekwisha pata jibu lako.

Yule mama sasa ana meza yake. Kila mara anaifuta kwa kitambaa, na akipita mgeni humwonyesha tarehe ile kwenye pembe. Wenzake wawili nao wana za kwao. Mfuko ulikuwa mmoja. Meza ya kwanza iliumaliza wote ikakaa siku nne. Mara ya pili ulitosha nyumba tatu. Tofauti yake ilikuwa kupima, kuhesabu na kungoja.

Kupima unaweza. Kuhesabu umejifunza. Kungoja ni kazi ya kila mkulima, nawe unaijua tangu zamani. Hutafuti mahindi kesho ya siku uliyopanda. Zege nalo ni hivyo hivyo. Tafuta wenzako wawili, mwanze.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini meza ya kwanza ya mama ilivunjika? Taja sababu tatu.
2. Meza ya urefu wa sentimita 100, upana wa 60 na unene wa 5 inahitaji lita ngapi za zege?
3. Kwa nini ni hatari kusugua zege kavu?
4. Katika kijiji chenu, ni kazi gani zinazohitaji saruji kweli, na ni zipi zinazoweza kufanywa kwa matofali ya kuchoma?